Miaka Kumi na Miwili Bila Padri

Ndugu wapendwa, ninyi mnaosema imani imepoa kwenu kwa kuwa padri haji, nisikilizeni!

Marie-Anne Gaboury alizaliwa Maskinongé, Quebec, huko Kanada, mwaka 1780. Ujana wake aliupitisha akihudumu nyumbani kwa padri wa parokia; misa ilikuwa mlangoni pake. Aprili 1806 akaolewa na Jean-Baptiste Lagimodière, mwindaji wa wanyama wa manyoya. Mume alipotaka kurudi magharibi, Marie-Anne alikataa kuachwa. Akapanda mtumbwi mpaka nchi ya Red River, kusikokuwa na kanisa, wala padri, wala mwanamke mwenzake kutoka kwao.

Januari 1807 akamzaa binti, Reine, huko Pembina. Mwaka 1808, akiwa na mimba pevu, alikuwa juu ya farasi nyikani, Reine kamtia katika mfuko wa tandiko. Kundi la nyati likatokea. Farasi, aliyezoea kuwinda, akachomoka kulifukuza, na mama yule aking'ang'ania tandiko na mtoto wake! Haukupita muda mrefu akajifungua mwana, wakamwita Laprairie kwa ajili ya mbuga ile. Na wewe mvua kidogo tu inakuzuia kwenda jumuiya?

Mwaka 1816, mumewe akiwa mbali kwa kupeleka barua kwa Lord Selkirk, mwanzilishi wa koloni la Red River, huko Montreal, ugomvi wa makampuni ya manyoya ulimwaga damu pale Seven Oaks. Nani alimpokea Marie-Anne na wanawe? Peguis, chifu wa Wasaulteaux, wenyeji wa nchi ile, ambaye wakati huo hakuwa Mkristo. Nalisema hili kwa nguvu zote: jirani asiyesali nawe asidharauliwe kamwe! Mungu alimhifadhi mjakazi wake katika hema la mtu huyo.

Ndipo Julai 1818 wakafika mapadri Provencher na Dumoulin. Miaka 12! Watoto wakaletwa kubatizwa, lakini nani awasimamie? Marie-Anne alikuwepo, mbatizwa ambaye hakuikana imani yake, akawa mama wa ubatizo wa watoto wengi.

Basi wewe mama, wewe baba, usingoje ratiba ya parokia. Usiku wa leo zima redio, waite wanao, pigeni magoti pamoja. Ishara ya msalaba wafundishe wewe, kwa mkono wako. Padri atakapofika, awakute wanaijua Baba Yetu.