Nini Kinaota Chini Yako?

Neno la Jumapili: Waebrania 12:15



Wiki iliyopita nilikuwa natembea hapa Al Twar na kijana wetu mmoja, mwenyeji wa Baringo. Tulipofika kwenye kiwanja kitupu alisimama mbele ya mti wenye miiba, akasema, “Mchungaji, huyu mathenge amenifuata mpaka Dubai!” Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Wanaotoka Baringo wanajua kwa nini. Asili ya mti huu ni Amerika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa kule kwa nia njema kabisa: uzuie jangwa, watu wapate kuni, mifugo ipate kivuli. Ukastawi kuliko ilivyotarajiwa, malisho yakapotea. Maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi, hata mwaka 2006 wananchi wakaishtaki serikali na kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. (Natamani ningekuwepo siku hiyo.)

Lakini leo nataka tutazame chini ya mti. Mathenge ni kijani mwaka mzima, na ukiuona kwa mbali utasema hapa pana uhai. Ukisogea, mara nyingi unakuta ardhi tupu. Sababu moja ni kiu yake, maana mizizi yake huenda mbali sana kutafuta maji. Nyingine imo ndani ya majani. Yana kemikali ambazo, yakianguka na kulowa, huingia udongoni. Mbegu za mimea mingine hushindwa kuchipua, au huchipua zikadumaa. Hakuna anayeona vita. Ni jani moja leo, jingine kesho.

Na hapa Emirates upo mti wa jamii hiyo hiyo, ghaf, uliotangazwa kuwa mti wa taifa mwaka 2008. Nao una miiba, nao unaishi kwenye mchanga na joto lile lile. Ila chini ya ghaf nyasi hupata nafasi, ngamia hula, na watu hupumzika. Kwa hiyo tusisingizie jangwa, ndugu zangu. Tusiseme, “Ni maisha ya Dubai yamenifanya hivi.”

Mwandishi wa Waebrania anausema uchungu kama mmea wenye mizizi. Ukiachwa uchipuke, hauishii kwa mwenye nao, wengi wanaumia. Kila ninapousoma mstari huu nilikuwa nawafikiria watu fulani. Juzi nilijifikiria mimi.

Mnamkumbuka dada yetu aliyekuwa akikaa kiti cha nyuma, anayefanya kazi za nyumbani kwa familia moja hapa mtaani. Alikuwa akifika ibada ikiwa nusu. Tulimwambia nini? “Karibu, leo umewahi kufunga sala.” “Dada, saa yako ni ya Nairobi au ya Dubai?” Maneno madogo, ya utani. Mimi mwenyewe, nikiwa madhabahuni, niliwataja wanaochelewa, na kanisa zima likageuka kumtazama, likacheka. Hakuna aliyemuuliza anaruhusiwa kutoka saa ngapi. Nimekuja kujua kwamba alikuwa akipika chakula cha mchana kwanza, kisha anakimbilia metro. Tangu Pasaka hajarudi.

Hatukumfukuza. Tulimdondoshea majani tu.

Wale wa Homa Bay wataniambia, “Mchungaji, si kila kemikali ya mmea inaua jirani.” Ni kweli, na ninashukuru. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, watafiti wa ICIPE waliwafundisha wakulima kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi. Kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini, huwa limeacha mbegu nyingi udongoni. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu hizo, na nyingine zinazoizuia kiduha isishike mzizi wa mahindi. Kiduha hufa kwa njaa, na mahindi yanaendelea kukua kwa sababu ya jirani aliyepandwa karibu.

Nawaomba wamama na vijana: anapofika mgeni, hasa anayechelewa, mmoja wenu akae naye. Akae karibu kabisa. Utani ukianza, azungumze yeye kwanza. Na wazee wa kanisa, tutazame upya saa ya ibada, maana wanaofanya kazi majumbani si huyu peke yake.

Jumatano jioni mimi na mama mchungaji tunakwenda kukutana naye, ameturuhusu nusu saa. Hatuendi kumshawishi arudi. Tunakwenda kuomba msamaha, na kwa kuwa nilimcheka mbele yenu, nimeona niseme mbele yenu pia. Mtuombee.