Mapumziko Yangu, Nani Anayalipia?

Mwezi wa tatu sasa tangu niache kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Zamu ilikuwa ya saa 12 kwa siku, na simu za msimamizi hazikujua Ijumaa wala usiku wa manane. Nimerudi Mji Mkongwe kumalizia tasnifu yangu ya uzamili. Baada ya alasiri nakaa barazani Jaws Corner na kikombe cha kahawa chungu, natazama watu wakicheza dhumna. Nafsi imetulia. Ila mtaani nimeshapata jina: mvivu.

Neno hilo lina historia kisiwani hapa. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyomwezesha mtumwa kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Wengi waliokuwa huru hawakutaka tena kupangiwa siku na bwana shamba. Walilima mihogo yao, wakachuma karafuu msimu ulipofika, wengine wakahamia Ng'ambo. Maofisa wa Kiingereza wakawaita wavivu. Kumbe hawakuikataa kazi. Walikataa mtu mwingine kuumiliki mchana wao na usiku wao.

Nilimweleza mama yote hayo, kwa ufasaha wa msomi. Alikuwa anakanda unga wa mandazi ya kuuza kesho yake. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, mwanangu. Basi hao walilima mihogo. Wewe umelima nini?"

Sikuwa na jibu. Mama huamka saa 10 usiku, na mandazi yake ndiyo yanayolipia umeme ninaosomea. Pale barazani tunapopumzika, karibu sote ni wanaume. Nikakumbuka pia jambo nililoliruka katika maelezo yangu: amri ya 1897 iliwaacha nje masuria. Wao walisubiri mpaka 1909.

Hotelini sirudi. Bado naamini kwamba kazi isiyomwachia mtu nafasi ya kuzungumza na wenziwe inamla. Lakini utulivu niliokuwa nikijivunia ulikuwa zamu ya mama, nami nikauita uhuru wangu.

Siku hizi mandazi ya asubuhi nayapika mimi. Hayaumuki vizuri, na wateja hawafichi. Juzi saa 1 asubuhi nilimkuta mama amesali alfajiri, akarudi kulala, kanga imemfunika mpaka usoni. Nilivuta mlango polepole, nikaenda kuuza.