Kuni Zilizosalia

Chumvi ya Uvinza ni ya zamani sana. Chemchemi zake ziko karibu na mahali ambapo mto Ruchugi unajiunga na Malagarasi, na wataalamu wa mambo ya kale waliochimba pale katika miaka ya 1960 walibaini kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji yale kwa zaidi ya miaka elfu moja. Sisi tuliofundisha Historia hupenda kuisifu biashara ile, jinsi chumvi ilivyosafiri mbali na kubadilishwa kwa vitu vya kila aina. Lakini sikumbuki hata siku moja kuwauliza wanafunzi wangu habari ya kuni. Kila kibaba cha chumvi ile kilikuwa na mti nyuma yake.

Hesabu yake si ngumu. Kuchukua lita moja ya maji ya kawaida, kuyachemsha, kisha kuyageuza yote kuwa mvuke, kunahitaji joto la kilojuli 2,600 hivi. Na sehemu kubwa ya joto hilo, zaidi ya 2,200, haiendi katika kuyachemsha bali katika kuyageuza mvuke baada ya kuchemka. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli kama 15,000. Kwa hesabu tupu, basi, kilo moja ingekausha lita tano na zaidi. Lakini chini ya chungu kilicho wazi joto jingi huota mbawa: linapasha upepo, linapasha ardhi, na kama kuni ni mbichi linafanya kwanza kazi ya kukausha kuni zenyewe. Mtu anayeijua hesabu hii anaweza kuokoa msitu. Ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 chuo cha ualimu nilichokiongoza kilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba za walimu. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitutaka tufanye wenyewe lile tuliloweza, kwa hiyo tulifyatua matofali wenyewe na kuyachoma wenyewe. Wanafunzi walikata kuni Jumamosi, na mara nyingine, nakiri, siku za masomo. Kila tanuru lilimeza kuni bila kushiba, na matofali ya pembeni yalitoka mabichi hata hivyo.

Akaja kijana mmoja mhandisi, zao la Kitivo cha Uhandisi kilichofunguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973. Alikuja kwa kazi nyingine kabisa, ya maji, akawa mgeni wetu kwa majuma machache. Alipoliona tanuru alicheka kidogo, kisha akaomba mizani ya stoo. Jambo la kwanza alilotufundisha lilikuwa kupima. Hatukuwa tumewahi kupima kuni hata mara moja. Tulijua tu kwamba zimekwisha.

Fundi wetu wa tanuru, mzee aliyeheshimika sana, hakupendezwa. "Mwanangu," alimwambia, "moto huu nimeuzoea kabla hujazaliwa." Yule kijana akajibu, "Ndiyo, mzee, ndiyo maana nataka unionyeshe unaujuaje kuwa umefika." Nikaona mafunzo ya kweli, ambayo mimi mwalimu wa walimu sikuwa nimeyaona mara nyingi. Mzee alimwonyesha rangi ya moto ndani ya mikondo ya chini, na saa ya kuziba midomo yake. Kijana naye alimweleza mzee kwamba tanuru dogo hupoteza zaidi kwa sababu ngozi yake ni kubwa kuliko tumbo lake, kwamba kuta zikandikwe udongo mzito, kuni zikaushwe miezi kadhaa chini ya paa, na midomo isitazamane na upepo. Tulipochoma tena, tulibakiwa na karibu theluthi moja ya kuni. Matofali yaliiva hadi pembeni.

Hapo ndipo swali langu linapoanza. Kuni zilizosalia zilikuwa za nani?

Mpishi alizitaka jikoni. Wanafunzi, ambao ndio waliozikata na kuzibeba vichwani, walitarajia Jumamosi za kupumzika. Mimi nilikuwa na orodha ya walimu wanaosubiri nyumba, na nilijua pia kwamba matofali ya ziada yangeweza kuuzwa. Niliamua tuchome tanuru jingine, kubwa zaidi, maana tumeambiwa kwamba kubwa halipotezi. Kisha jingine. Kabla ya mwaka kwisha wanafunzi walikuwa wanakata kuni Jumamosi zile zile, mbali zaidi mlimani. Mmoja wao alisimama kwenye mkutano wa chuo akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani tulipunguza nini?" Nilimjibu kwa takwimu za matofali. Yalikuwa majibu ya swali ambalo hakuliuliza.

Baadaye nilisoma kwamba Mwingereza mmoja, William Stanley Jevons, aliliona jambo hili katika makaa ya mawe ya nchi yake na kuliandikia kitabu mwaka 1865. James Watt alikuwa ameboresha mashine ya mvuke ikahitaji makaa machache kwa kazi ile ile, na matokeo yake Uingereza ikachoma makaa mengi kuliko kwanza, kwa kuwa mashine sasa ilifaa mahali ambapo zamani ingekuwa hasara. Nilipoyasoma nilifarijika kidogo kuwa sikuwa mjinga peke yangu. Faraja hiyo haikudumu. Wafanyabiashara wa Uingereza walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuamuru wote. Katika chuo chetu mwenye kuamua alikuwa mmoja, na alikuwa mimi.

Wapo wanaosema kwamba, ikiwa mambo ni hivyo, elimu ya kubana moto haina faida. Siwezi kukubali. Nyumba zile zilikaliwa na watu wenye watoto. Anayesimamia boila ya kiwanda cha chai akifunika mabomba yake na kurudisha maji ya moto badala ya kuyamwaga, anafanya jambo jema, na kadhalika mkulima wa tumbaku wa huku Kibondo na Kasulu anayejenga bani lisilovuja. Kuwaacha wapoteze kuni ili tuwazuie wasizalishe ni ukatili wa watu walioshiba. Ninachodai ni kidogo zaidi: kabla tanuru halijawashwa, ijulikane kilichookolewa kitakwenda wapi, na waliokata kuni wawepo wakati wa kuamua. Yule kijana hakufundishwa kuuliza hivyo, wala halikuwa kosa lake. Alitupa mizani. Aliyetakiwa kuitisha mkutano alikuwa mkuu wa chuo, na aliuitisha baada ya mwaka.

Nyumba zile zipo hadi leo. Nikipita barabarani huzihesabu, kisha huutazama mlima ulio nyuma yake. Umepandwa mikaratusi.