Simu na Bwana Wetu



Utumwa wa intaneti una sura nyingi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa michezo ya video katika orodha ya magonjwa. Kijana wa kamari nasi tunamtambua upesi. Lakini mzazi anayetafuta habari za nyumbani?

Vita vilipofika Bukavu Februari 2025, mimi hapa Gihundwe nilifungua WhatsApp usiku kucha. Niliita hilo upendo. Lakini sikuomba, sikumpigia ndugu yeyote; nilitazama tu, mtoto akiniita mara tatu bila kujibiwa.

Paulo aliwaonya Wakorintho: hata kilicho halali chaweza kumtawala mtu. Basi tusihesabu saa tu. Tujiulize: habari hii imenipeleka kwa nani? Upendo humfikia mtu. Utumwa hurudi kwenye simu.

Bwana atuweke huru. Amina.