Mtihani kwa Jina la Mwingine

Amri ya nane ya Mungu inakataza uwongo wote. Wako watu wanaodhani kwamba uwongo ni wa kinywa tu. Hawafikiri kwamba hata mkono waweza kusema uwongo, unapoandika jina lisilo lake.

Mwaka 1951 kijana mmoja Mkatoliki, Edward Kennedy, alikuwa akisoma katika chuo kikuu cha Harvard, katika nchi ya Marekani. Jamaa yake ilikuwa ya watu matajiri. Ndugu yake mkubwa, John, akawa rais wa nchi ile mwaka 1961. Edward alipaswa kufanya mtihani wa lugha ya Kihispania, akaogopa kushindwa. Basi akamwomba rafiki yake akae mahali pake na kuandika mtihani kwa jina lake. Rafiki akakubali. Lakini hila ile ikatambulikana, na wote wawili wakafukuzwa chuoni. Jina kubwa la jamaa halikuzuia adhabu.

Je, yule rafiki alikosa nini, naye hakujipatia kitu? Alikosa kweli, maana aliuazimisha uwongo mkono wake. Mtu asiseme: «Nimemsaidia ndugu tu.» Anayemsaidia mwenzake kudanganya anamsukuma shimoni. Tena wanafunzi waliokesha usiku wakijifunza wanadhulumiwa, kwa kuwa alama ya hila inahesabiwa sawa na alama ya jasho. Na mtu akipata diploma ya uganga kwa njia hiyo, mgonjwa ndiye atakayelipa, pengine kwa uhai wake.

Edward aliingia jeshini kama askari wa kawaida, akatumika karibu miaka miwili. Mwaka 1953 chuo kikampokea tena. Akajifunza, akamaliza masomo mwaka 1956. Mwaka 1962, alipotaka kuchaguliwa kuwa seneta, magazeti yalikuwa karibu kuitangaza habari ile ya zamani. Ndipo akakiri mbele ya watu wote kwamba alitenda vibaya. Ingalikuwa heri zaidi kukiri mapema, bila kusukumwa. Hata hivyo hakukana, wala hakumtupia rafiki yake kosa.

Je, mambo hayo yanawahusu nini wakatekumeni wa vijijini? Yanawahusu sana. Kabla ya ubatizo padri huwauliza mafundisho. Yupo anayetega sikio ili jirani amnong'oneze jibu. Yupo anayekariri maneno kama kasuku, bila kutafuta maana yake. Padri aweza kudanganyika. Mungu hadanganyiki kamwe.

Siku ya ubatizo mtu mzima huulizwa yeye mwenyewe, kwa jina lake: je, anamkataa Shetani? Je, anasadiki? Msimamizi husimama kando yake, lakini hawezi kusadiki mahali pake. Hapo hakuna rafiki wa kuazima. Afadhali mkatekumeni aseme kwa unyenyekevu, «Padri, sijui,» na kungoja tena, kuliko kuingia katika nyumba ya Mungu kwa uwongo. Asiyejua leo aweza kufundishwa kesho. Bali anayejifanya kujua, nani atamfundisha?

Azimio la juma hili: kila mkatekumeni atafute swali moja la katekisimu asilolifahamu. Aende kwa katekista wake, amwambie wazi: «Hili sijalifahamu. Unifundishe.»