Mchungaji Mlangoni pa Mtawala

Je, yampasa Mkristo, hasa aliye kiongozi wa kanisa, kujihusisha na siasa? Wako wasemao kwamba dini ni mambo ya roho na siasa ni mambo ya dunia, na kwamba ayachanganyaye mawili hayo huyaharibu yote. Hutukumbusha ile sarafu yenye sura ya Kaisari, na jinsi Yesu alivyoamuru Kaisari apewe kilicho chake na Mungu apewe kilicho chake. Hoja yao si ya kubezwa, ila twaona kwamba hawaifikishi mwisho. Ikiwa sarafu ni ya Kaisari kwa kuwa ina sura yake, je, mwanadamu, ambaye Maandiko yasema aliumbwa kwa sura ya Mungu, ni wa nani? Tukilijibu swali hili la pili, tutajua pia mpaka wa mamlaka ya Kaisari.

Na tuchukue mfano wa hapa kwetu Uganda. Janani Luwum alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, mwaka 1922. Kabla ya kuwa kasisi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Basi ni mwenzetu. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Hakuunda chama wala hakutafuta cheo serikalini. Alikwenda kwa wakubwa kuwaombea watu waliokamatwa, na wapo waliomlaumu kwa ukaribu huo. Mwezi wa Februari 1977 askari waliipekua nyumba yake usiku, wakidai kutafuta silaha. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Rais Idi Amin barua, wakiulalamikia upekuzi huo pamoja na mauaji ya raia. Tarehe 16 ya mwezi huo alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Lakini waliouona mwili wa Askofu waliona majeraha ya risasi.

Je, barua ile ilikuwa siasa? Mtawala aliiona hivyo. Lakini walioiandika hawakujiombea madaraka. Waliwasemea watu wasioweza kusema. Kama hiyo ni siasa, basi hakuna njia ya kumpenda jirani pasipo siasa, maana jirani huyo ndiye aliyechukuliwa usiku na asirudi.

Hata hivyo tusiruke haraka tukasema kwamba kila mchungaji na aingie siasani. Nchini Rwanda, Askofu Mkuu Vincent Nsengiyumva wa Kigali alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa Kamati Kuu ya MRND, chama pekee cha nchi. Yalipofika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wengi waliitazamia sauti kali ya kanisa wasiisikie. Mwaka 2017 Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya kanisa na ya waumini wake katika msiba ule.

Maaskofu wakuu hao wawili walikuwa karibu na serikali. Tofauti yao ni kwamba mmoja alibisha mlango kwa ajili ya wengine, na mwingine aliketi ndani kama mmoja wa wenye nyumba. Aketiye mezani pa mwenyeji huona haya kumwambia kwamba nyumba yanuka. Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: ukaribu na mtawala wamfaidi nani, na je, aliye karibu angali na ulimi wake?

Nasi walimu tusijifanye mahakimu wa wengine. Mwaka 1973, kwa amri ya Amin huyo huyo, Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa la Uganda. Lugha yetu ilipewa heshima iliyokuwa ikiitamani, huku wananchi wengi wakiisikia kinywani mwa askari aliyewatisha. Ni vigumu kumkemea akupaye heshima. Kishawishi kilichomkabili askofu humkabili pia mwalimu, mwandishi na mwanachama wa chama chochote kilichopata fadhili ya wakubwa.

Basi wajibu wetu ni upi? Si kuwaambia wanafunzi wafuate chama gani. Darasani mna watoto wa kila chama na wa kila dini. Wajibu wetu ni kuita vitu kwa majina yake. Mauaji yalipoitwa ajali, watu watatu walikuwa wamekwisha kufa, na neno nalo likafanywa pazia la kuwafichia wauaji. Mwalimu wa lugha aliyekubali neno hilo lipite darasani kimya alikuwa amekwisha kuingia siasani, ingawa hakufumbua kinywa.

Siku hizi tarehe 16 Februari ni siku ya mapumziko nchini Uganda kwa kumkumbuka Luwum. Mtoto akituuliza kwa nini shule imefungwa siku ile, tumweleze yote, na tusimwambie kwamba ilikuwa ajali.