Waulizwe Kwanza Wanalalamikia Nini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba wake.

Ama baada ya haya. Katika darsa yetu hapa Eldoret limeulizwa suala ambalo twaona lafaa kujibiwa kwa maandishi, ili ndugu zetu wa Mvita, Lamu na Tanga nao walione. Suala lenyewe ni hili: Watu wakikaidi amri ya Serikali pasi na silaha, kwa kuchelea msitu usikatwe, au bahari isiharibiwe, au dunia isizidi joto kwa moshi wa makaa ya mawe na mafuta, yaipasa Serikali kuwafanyia nini?

Wengi wetu hukimbilia aya ya 59 ya Suratin Nisaa, inayotuamrisha kuwatii wenye amri, wakasema: hao ni watu wa fitina, wapigwe. Lakini aliyeisoma aya hiyo asisome ya 58 iliyo kabla yake amesoma nusu. Hiyo ya 58 yaamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe, na mwenye kuhukumu baina ya watu ahukumu kwa uadilifu. Na wako wafasiri waliosema kuwa wanaoambiwa hapo ni watawala. Basi mtawala amesemezwa kabla ya raia. Na hiyo ya 59 nayo haikukoma penye utiifu. Yaeleza pia la kufanywa watu wakizozana. Ajabu ni kuwa sehemu hii ya mwisho haisikiki sana juu ya mimbari zetu siku wakubwa wa Serikali wanapoalikwa msikitini.

Natutazame walivyosema wanavyuoni wa madhehebu yetu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameweka katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana pwani yetu, mlango wa bughati, yaani watu waliomtokea Imamu wakiwa na nguvu na hoja wanayoishika. Imamu hapewi ruhusa ya kuwapiga vita mpaka kwanza awapelekee mjumbe mwaminifu, mwenye akili na nasaha, awaulize ni lipi wanalolichukia. Wakitaja dhulma, ni juu yake kuiondoa. Wakitaja shaka, ni juu yake kuitatua. Baada ya hapo huja nasaha, kisha onyo.

Asili ya hukumu hiyo ni aliyoyafanya Sayyidna Aly (R.A.) kwa Makhawarij waliojitenga naye baada ya vita vya Siffin. Watu hao walikuwa wakimwita kafiri hadharani. Yeye alimpeleka Ibn Abbas akajadiliane nao, na maelfu wakarejea. Waliobakia aliwaahidi kuwa hatawazuia kuingia misikitini, wala hatawanyima fungu lao maadamu wako upande wake dhidi ya adui, wala hataanza yeye kupigana. Hakuwapiga mpaka walipomwaga damu. Basi ikiwa mwenye upanga ana haki ya kuulizwa, aliyeshika mche wa mti ana haki zaidi, na hiki ndicho kiasi kiitwacho na wenye elimu ya Usuli kiasi cha aula.

Mche wa mti hatuutaji kwa mfano tu. Tarehe 8 Januari 1999, Bi Wangari Maathai na wenziwe walikwenda kupanda miti katika msitu wa Karura, Nairobi, baada ya ardhi yake kugawiwa watu binafsi wajenge majumba. Walikutana na vijana wa kukodiwa wenye marungu na mijeledi, naye akapasuliwa kichwa. Hakuna aliyetumwa kumwuliza ana lipi. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi za umma, na mwaka 2004 bibi huyo akapewa tuzo ya amani ya Nobel. Leo watu wa Nairobi wapelekapo watoto wao Karura kutembea, wanakanyaga ardhi iliyookolewa na waliohesabiwa kuwa wakaidi.

Lamu mwaijua kuliko mimi. Kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilitakiwa kujengwa Kwasasi, kikapewa leseni mwaka 2016. Wavuvi na wazee wa Amu walipinga kwa ajili ya samaki, matumbawe, na vifua vya watoto wao. Na moshi huo ungeongeza joto linaloipandisha bahari juu ya miji yetu ya pwani. Ripoti ya watetezi wa haki za binadamu ya mwaka 2018 ilitaja wanaharakati wasiopungua 35 wa Lamu waliotishwa, au kupigwa, au kukamatwa kwa kupinga miradi mikubwa ya huko. Kisha tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Taifa la kuamua kesi za mazingira likaifuta leseni. Na miongoni mwa sababu zake ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa maneno mengine, hawakuulizwa.

Karibu nasi hapa uko msitu wa Embobut, katika milima ya Cherangany. Huko mambo yamegeuka, maana Serikali ndiyo iliyosema inalinda msitu na maji, na Wasengwer wakaao humo wakaambiwa ni wakaidi. Mahkama Kuu ya hapa Eldoret ilitoa amri mwaka 2013 ya kuzuia wasifukuzwe kesi ikiendelea. Januari 2014 nyumba zao zikatiwa moto. Januari 2018 mtu mmoja akauawa kwa risasi katika operesheni humo, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha fedha za mradi wa chemchemi na tabia ya nchi. Sasa twauliza: mkaidi wa amri ni nani hapo? Aliyerudi kwenye kiwanja cha baba yake, au aliyechoma nyumba hali Mahkama imekataza?

Hatusemi kuwa kila anayedai kutetea mazingira aachwe afanye apendalo. Hospitali kuu ya hapa yapokea wagonjwa kutoka Turkana na Pokot. Mwenye kuifunga barabara hata gari la mgonjwa lisipite amewadhuru wasiomkosea, na dhara haifai. Huyo apelekwe mbele ya hakimu, naye mwenye kuharibu mali alipe. Lakini asipigwe njiani kabla ya hukumu, na adhabu ilingane na kosa, kwani taazir katika madhehebu yetu haifiki kiwango cha hadi. Uingereza, Julai 2024, watu watano walifungwa, mmoja miaka 5 na wengine miaka 4 kila mmoja, kwa kupanga kuizuia barabara kuu ya M25. Mwaka uliofuata Mahkama ya Rufani ikapunguza. Twaona hata baada ya kupunguzwa adhabu hizo zimepita mpaka.

Na kwetu Kenya, kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kimempa kila mtu haki ya kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na pasi na silaha. Basi aandamanaye hivyo si mkosa hata kidogo. Atakayetumwa kuwasikiliza awe ni mtu wanayemwamini wao, kadhi au mzee wa mji, wala asiwe askari. Na atakayorudi nayo yasomwe mbele ya watu kabla ya mradi kuendelea.

Wallahu aalam.